Kahawa ya Ummu Bilsan

Chuo kinataka nieleze kwa kurasa mbili jinsi muhula wa kusoma nje ulivyonikuza. Fomu ninayo tangu Februari, na sasa ni Septemba. Nisipoijaza, masomo niliyosoma Poland hayahesabiwi, na karani wa ofisi ya wanafunzi kishanipigia mara tatu kunibembeleza. Andika chochote, dada yangu, anasema, wenzako wameandika wamejifunza kujitegemea, wamejifunza kupika, wamejifunza kuheshimu saa. Haya basi. Mimi nilijifunza kusema ukweli. Nitaeleza nilivyousema, na chuo kitatafuta chenyewe pa kuliweka jambo hilo kwenye fomu yake.

Naitwa Arwa, kwetu ni Karak, mji mdogo wa Waarabu, na kwa baba yangu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Kutaiba. Baba alikuwa na duka la saruji na mabomba. Kutaiba ndiye aliyekuwa akipeleka mizigo kwa pikapu ya duka, redio juu, kioo chini, anasalimia mtaa mzima utadhani anagombea ubunge. Mimi nilikuwa msomi wa nyumba. Aliniita Profesa tangu nikiwa darasa la tano, na kila nilipomjibu mtu kwa kiburi aliwaambia wageni wamsamehe Profesa, elimu inamwasha kichwani.

Nilipopata nafasi ya muhula mmoja katika mji wa Lublin, nyumba iliwaka moto. Ami Nawwaf, kaka mkubwa wa baba, alisema msichana wa kwetu haendi kuishi peke yake kwenye nchi ya barafu na nguruwe, labda kama tumechoka kuwa na msichana. Baba alikuwa anaelekea kukubaliana naye. Kutaiba ndiye aliyenisimamia. Alisema atanipigia kila siku ya Mungu, simu ya picha, auone uso wangu na chumba nilichomo, na siku moja akiikosa, baba ana ruhusa ya kunikatia tiketi ya kurudi. Baba akamwapisha palepale. Kutaiba akaapa huku ananikonyeza.

Na hakuikosa hata siku moja. Alinipigia yuko dukani, yuko kwa kinyozi, yuko kwenye foleni ya mkate. Nilimwonyesha supu nyekundu ya Wapoland, akasema nirudi upesi kabla sijaanza kunywa damu. Nilimwonyesha msichana niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, akajifunza kumsalimia kwa Kipoland vibaya mno, na tangu hapo kila simu yangu ikilia yule msichana alikuwa anakuja mbio kusalimiwa vibaya.

Somo langu ni ustawi wa jamii. Huko nilikuwa na mwalimu mmoja, Bi Halina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyetufundisha namna ya kuwapatanisha waliokoseana. Kwake hakukuwa na wazee wala watu wa kuwasemea wengine. Aliyekosa anakaa kwenye kiti, aliyekosewa anakaa mbele yake, na wanasemezana ukweli wote, machozi yakija yaje. Siku moja akaniuliza kwetu tunafanyaje. Mh! Nilisimama nikawapa. Nikawaeleza kwamba kwetu mtu akiua, hata kwa ajali, wanaume mia wanavaa majoho na kwenda nyumbani kwa wafiwa, wanamiminiwa kahawa chungu, na mzee wao anaweka kikombe chini, hanywi, mpaka baba wa marehemu aseme nimesamehe, kunyweni. Nikasema mama wa marehemu yuko jikoni na hakuna anayemuuliza kitu. Nikasema aliyeua hata hafungui mdomo. Nikanyanyua kikombe cha karatasi, nikakitua mezani kwa mbwembwe za kizee, darasa likacheka. Bi Halina akasema nina jicho la kuyaona ya kwetu upya, na mimi wiki nzima nikatembea na kichwa kimevimba.

Alhamisi tarehe kumi na nne Desemba, saa tano asubuhi, theluji ilianguka, ya kwanza kubwa mwaka ule. Kutaiba akapiga wakati huohuo. Nikaigeuza simu kuelekea dirishani nikawa napiga kelele, tazama, Kutaiba, tazama! Nilimsikia anasema ngoja, jua linanipiga, sioni kitu. Kisha ikakatika. Nikapiga mara mbili, haikupokewa, nikasema atapiga mwenyewe, nikavaa buti nikashuka uani kucheza. Wallahi nilicheza. Picha zangu zipo, nacheka mdomo wazi, theluji kwenye nyusi, na saa imeandikwa pembeni.

Hakupiga tena. Siku ya tatu mama akaniambia Kutaiba amepata kazi ya udereva kwenye machimbo jangwani, huko simu hazishiki, kwa hiyo atakuwa ananipigia yeye. Nilikasirika. Nilimwandikia Kutaiba maneno ya hovyo, kwamba kaonja mshahara kamsahau dada yake, kwamba kiapo chake ni cha muuza saruji. Ujumbe ukakaa bila kusomwa. Na mimi ni mtoto wa kwetu, najua kabisa kwamba kwetu aliye ughaibuni haambiwi msiba mpaka amalize mitihani. Binamu yangu alirudi kutoka Uturuki akakuta kaburi la baba yake lina miezi miwili, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimwambia kwenye simu baba amelala, baba ametoka kidogo. Na bado sikushtuka, mimi niliyekuwa nikisifiwa jicho.

Februari nilipokewa na baba na Ami Nawwaf. Baba alikuwa amekonda mpaka shingo inacheza ndani ya kola. Niliuliza Kutaiba yuko wapi, pikapu iko wapi, na hakuna aliyejibu mpaka tulipoingia barabara ya jangwani. Ami ndiye aliyesema, macho mbele, mikono kwenye usukani. Kutaiba amemgonga mtoto. Binti wa watu wa mtaa wa nyuma ya shule, anaitwa Bilsan, miaka saba, wazazi wake hawana mwingine. Alitokea nyuma ya gari la mboga. Alikufa kabla ya kufika hospitali, na Kutaiba yuko ndani tangu siku hiyo. Lakini mambo yamekaa vizuri, akasema. Tuliomba atwa, muda wa amani kati yetu na wao, tukapewa. Sheikh Mithqal ameweka uso wake, yaani heshima yake yote, dhamana kwa ajili yetu. Ijumaa ijayo ndiyo sulhu. Baba wa mtoto kakubali kusamehe bila kuchukua kitu, na wakishatia saini kwa hakimu, Kutaiba anarudi nyumbani.

“Wiki moja tu, binti yangu,” ami akasema. “Wiki moja usione, usisikie, usiseme. Utaweza, Profesa?”

Nikauliza ilikuwa lini. Akasema Alhamisi, Desemba kumi na nne, saa saba mchana.

Saa saba ya Karak ni saa tano ya Lublin. Nikashusha kioo nikatoa kichwa nje, na baba akadhani ni uchovu wa safari, akanishika bega.

Nyumba yetu niliikuta imejikunyata. Mapazia yamefungwa, televisheni imefunikwa shuka, duka halijafunguliwa tangu siku ile. Mama alikuwa haaniki nguo juu ya paa, kwa sababu paa letu linaonekana kutoka mtaa wa akina Bilsan, na si adabu wafiwa waone mashati ya watu wanaoendelea na maisha. Baba alikuwa anazunguka kilima kizima kwenda msikitini ili asikutane na baba wa mtoto njiani. Hivyo ndivyo atwa inavyotaka: wenye kosa wanajificha mpaka waitwe. Mama aliniambia yule mwanamke, Ummu Bilsan, mama wa mtoto, anamjia kila akifumba macho, na anatamani amfuate ampigie magoti, lakini hakuna wa kwetu anayeruhusiwa kuukanyaga mlango ule kabla ya Ijumaa. Mimi nikamsikiliza mama yangu nikamwonea huruma kwa ujinga wake. Ndivyo nilivyokuwa nimekua.

Jumapili tulikwenda gerezani. Mama aliongea na Kutaiba mpaka akashindwa, akatoka kunawa uso, nikabaki mimi naye, kioo katikati, simu ya ukutani sikioni. Alikuwa amenyolewa kipara. Alitabasamu, akaniuliza kama nimeanza kunywa damu.

“Ulikuwa unaongea na mimi,” nikamwambia.

“Simu yangu iliisha chaji.”

“Kutaiba.”

“Iliisha chaji nikiwa dukani. Ndivyo nilivyowaambia polisi, ndivyo nilivyomwapia Sheikh Mithqal, na ndivyo yeye alivyowaambia wale watu. Nilimwona mtoto, nikakanyaga breki, nikakata usukani, Mungu hakutaka. Basi.”

“Ulimwona?”

Alitazama viganja vyake. Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo, ingawa hakuna aliyekuwa anatusikiliza.

“Arwa, nakuomba. Wewe hukuwepo kwenye habari hii. Sitaki jina lako lipite midomoni mwa wanaume mia wenye majoho. Ijumaa si mbali. Funga mdomo wako mara hii moja tu, halafu uufungue maisha yako yote.”

Nilimwitikia. Niliinamisha kichwa, nikasema sawa, kaka. Mama akarudi, tukaaga, na njia nzima nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ikisema tazama.

Jumatatu na Jumanne sikula. Nilikuwa nakaa chumbani nimefungua daftari la darasa la Bi Halina, ukurasa nilioupigia mstari: aliyeumizwa ana haki ya kujua yote. Nilijiambia kwamba Ijumaa watamsomea yule mama uongo, watamnywea kahawa yake juu ya uongo, na sisi tutaita hiyo amani. Nilijiambia mimi ndiye mtu pekee katika mji huu aliyefundishwa jambo hili. Nilijiambia kwamba akina mama wanaelewana. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa yamepangwa vizuri, yana mwanzo na mwisho.

Jumatano asubuhi, baba yuko msikitini na mama amelala kwa dawa za kichwa, nikavaa baibui la mama nikaenda.

Ummu Bilsan alinifungulia mwenyewe. Nilimtarajia mwanamke mkubwa, kumbe alikuwa na miaka thelathini tu, mwembamba, soksi za sufi miguuni. Kabla sijasema neno akanikaribisha. Walimu wa mazoezi wa shule ya Bilsan walikuwa bado wanakuja kumtazama, akanidhania mmoja wao, akasema ingia mwalimu, baridi hiyo. Akanitangulia. Sebuleni kulikuwa na mito ya wageni imepangwa kuzunguka ukuta tangu matanga, na birika la kahawa juu ya makaa. Mkoba wa shule wa rangi ya zambarau ulikuwa umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, na hakuna aliyethubutu kuuondoa.

Akanimiminia kahawa.

Kila mtoto wa Karak anajua. Mwenye haja haigusi kahawa ya nyumba mpaka haja yake ijibiwe. Na wa ukoo wenye kosa haingii, seuze kunywa. Nilikitazama kile kikombe mkononi mwangu nikajiambia mimi sina haja. Sikuja kuomba kitu hapa, nimekuja kutoa. Haya mambo ya vikombe ni ya wazee. Nikanywa yote, nikakitikisa kikombe kama ilivyo desturi kuonyesha nimetosheka, na yeye akakipokea.

“Mimi si mwalimu,” nikasema. “Naitwa Arwa. Ni dada yake Kutaiba.”

Hakupiga kelele. Alibaki amekishika kile kikombe. Nikaharakisha, kwa sababu niliona nikinyamaza nitashindwa, nikamwambia yote, kwa utaratibu tuliofundishwa: kilichotokea, sehemu yangu katika hilo, na ninavyojisikia. Nilimwambia simu haikuisha chaji. Nilimwambia kuhusu kiapo cha kunipigia kila siku, kuhusu dirisha, kuhusu saa tano. Nikalia. Kumbe na mwili unaweza kufurahia kulia, kifua kinafunguka, pumzi zinarudi. Kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege nilijisikia mwepesi.

Nilipomaliza akauliza jambo moja.

“Neno gani la mwisho ulimwambia?”

“Nilimwambia tazama.”

“Tazama nini?”

“Theluji.”

Makaa yalikuwa yanalialia kwenye jiko. Kisha akaongea polepole, bila hasira, na ingekuwa afadhali kama angenipiga.

“Sheikh alikuja hapa akasema yule kijana alimwona. Alimtuma mke wake jikoni kwangu, naye huyo mke akanishika mikono, akaniapia kwa niaba ya mumewe kwamba yule kijana alimwona mwanangu, akajitahidi, ikashindikana. Miezi miwili nimekuwa nikilala na hilo. Kwamba mtu wa mwisho aliyemtazama Bilsan alitaka aishi.” Akakitua kikombe sakafuni. “Kumbe hakumwona. Alikuwa anatazama theluji yako. Mwanangu kafa hakuna anayemtazama.”

Nikasema naomba unisamehe. Sasa ndiyo nikaomba, baada ya kunywa.

“Umekuja na mzigo wako umeutua hapa sebuleni kwangu,” akasema. “Nakuona umepata nafuu, hata rangi imekurudia. Mimi nikautue wapi?”

Darasani hatukufika hapo. Akasimama, akaniambia niende kabla mume wake hajarudi, kwa sababu hajui atakachonifanya, na yeye hataki balaa jingine kwenye mtaa huu. Mlangoni nilitaka kumshika mkono, akaurudisha ndani ya shali.

Alhamisi alasiri Sheikh Mithqal alikuja kwetu. Kwa kawaida anaingia na watu wanne watano. Siku hiyo alikuja peke yake, mzee wa miaka themanini, fimbo mkononi. Mama alimletea kahawa, akaifunika kwa kiganja. Alimwambia baba kwamba msafara wa kesho hauendi kokote. Baba wa Bilsan ameivunja atwa. Alisema ameweka uso wake kwa watu miaka hamsini na haujawahi kukatwa, na sasa umekatwa na kijana aliyemwapia uongo na msichana aliyekwenda kuutangaza. Aliongea mpaka mwisho bila kupandisha sauti. Alipokuwa akitoka alishindwa kukiona kizingiti, Ami Nawwaf akamshika kiwiko, akajinasua.

Mlango ulipofungwa, ami alinigeukia. Aliniita kila jina. Alisema waliniambia wiki moja, mbuzi angeweza wiki moja. Alisema wenzangu wanarudi na vyeti, mimi nimerudi na shoka. Mama alikuwa amekaa sakafuni anajipiga mapaja. Baba aliniita nikae mbele yake, akaniuliza swali moja tu.

“Ulikunywa kahawa yao?”

“Nilikunywa, baba.”

Baba akavuta kilemba chake akajifunika nacho uso. Nilikaa mbele ya kile kitambaa nikikitazama kinavyopanda na kushuka, na ndipo nikaelewa. Ukweli wangu peke yake labda wangeuvumilia, kwa mwaka, kwa miaka miwili, wazee wangerudi na majoho yao kubisha hodi tena. Lakini kikombe kilikuwa kimeshanywewa. Msamaha waliokuwa wautoe mbele ya wanaume mia, wenyewe, kwa hiari yao, kwa uchungu wao, mimi nilikuwa nimekwenda kuuiba Jumatano asubuhi nikidhani ni kahawa tu. Hakuna mzee atakayeenda kuweka kikombe chini katika nyumba ambayo wenye kosa wameshakunywa na kutosheka.

Mengine yalikwenda yenyewe. Mwendesha mashtaka aliagiza kumbukumbu za simu, zikaletwa, na dakika iko pale, saa saba na dakika nne, na namba yangu mbele yake. Wakili wetu alisema hata kama Kutaiba angekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mtoto aliyetokea nyuma ya gari la mboga pengine asingepona. Hakuna mtu duniani anayejua, wala hatajua. Hakimu hakuhitaji kujua hilo. Alikuwa na uongo mkononi na wafiwa wasiosamehe. Kutaiba kapewa miaka mitatu kamili. Na hiyo mitatu ndiyo nafuu, kwa sababu siku akitoka hana pa kwenda: damu bado inadaiwa, na Karak yote inajua.

Sisi tulihama. Atwa ilipokufa ilibidi tuhame, baba akauza duka kwa mtu wa kwanza aliyeuliza, tukaja Zarqa, mbali na kwetu, ghorofa ya tatu, madirisha yanatazamana na ukuta. Baba anashinda amekaa. Mama ananipikia, ananifulia, hasemi nami ila pale inapobidi, funga bomba, pokea chumvi. Nilimwandikia Bi Halina barua ndefu nikamweleza yote, nikitaka aniambie wapi nilikosea. Alijibu upesi, kwa upole wake. Alisema nilifanya jambo la ujasiri, na kwamba uponyaji huchukua muda. Nilisoma mpaka hapo nikaifuta. Simlaumu. Yeye alinifundisha kiti na kiti. Hakujua kwamba nilipotoka, mtu hakai peke yake kwenye kiti chake, amekalia kiti hicho na baba yake, na ami yake, na mzee wa miaka themanini aliyemkopesha uso. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya darasa na kikombe cha karatasi.

Kutaiba alikataa kuniona. Miezi mitano mama alikwenda peke yake, na kila akirudi nilimsubiri ngazini, naye akanipita. Mwezi uliopita akasema, anavua viatu, hanitazami, kwamba kaka yangu anataka niende.

Nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nimejiandaa kusamehewa, na sijui ni lipi niliogopa zaidi. Alikuja akakaa nyuma ya kioo. Kipara kimeota mvi mbili tatu, ana miaka ishirini na tano. Alinyanyua simu ya ukutani, nami nikanyanyua yangu.

“Kuna kitu nataka kukuuliza,” akasema. “Nimejaribu kujua mwenyewe, nimeshindwa. Siku ile uliniambia tazama, nikaangalia chini kwenye simu, jua likawa linapiga kwenye kioo, naona weupe tu. Halafu kishindo. Mpaka leo sijui ulikuwa unanionyesha nini.”

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Wakili hakuona haja, hakimu hakuuliza, na mama hawezi kulitamka neno hilo.

“Theluji,” nikasema. “Ilikuwa inaanguka nje ya dirisha.”

Alisubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, anadhani naendelea.

“Basi?”

“Basi, kaka.”

Akatikisa kichwa taratibu, akaitundika simu ukutani. Muda wetu ulikuwa bado haujaisha, askari alikuwa hajatuita, lakini alisimama akaenda.